Kuskani picha za utotoni za nyeusi na nyeupe

Kamera nyingi za boksi zilizotumika majumbani zilikuwa na kasi moja tu ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), takriban 1/25 hadi 1/50 ya sekunde. Mtoto hatulii kiasi hicho. Ndiyo maana uso hukaa sawa huku mkono ukiwa na ukungu. Ukungu huo ndio mwendo wake wenyewe, na ni wa kuulinda kuliko kitu kingine chochote pichani.

Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha shika picha kwenye kingo. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira au brashi laini. Maji yasiguse: jelatini inayobeba chembe za fedha hulainika na kunasa alama. Picha iliyojikunja usiinyooshe kwa nguvu, jelatini kavu hupasuka. Iliyogandia kioo cha fremu usiibandue. Iskani na kioo chake. Kwenye albamu ya gundi, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha polepole, huku na huku. Ikigoma, skani ukurasa mzima.

Picha ya sentimita 6 kwa 9 iskani kwa dpi 1200 (nukta kwa kila inchi). Utapata takriban pikseli 2835 kwa 4252, za kutosha kuona mtoto aliyegeuka alikuwa anatazama nini. Ya ukubwa wa postikadi, dpi 600 inatosha. Negativu (filamu yenyewe iliyotoa picha) ikiwepo, anza nayo, maana pembeni huenda yupo mtu aliyekatwa wakati wa kuchapa picha.

Skani kwa rangi, hata kama picha haina rangi. Skani ya rangi ina chaneli tatu, yaani tabaka za nyekundu, kijani na bluu. Madoa ya manjano hukolea kwenye chaneli ya bluu na kufifia kwenye nyekundu. Kwenye programu ya picha, chukua nyekundu peke yake. Kwa negativu, zima kifuta-vumbi cha skana kinachotumia infraredi (miale isiyoonekana kwa macho): fedha huzuia miale hiyo, skana ikaidhani ni vumbi na kuharibu picha. Zima pia kinoaji, kile kinachokoza kingo za vitu pichani. Na programu za akili bandia za kufufua nyuso ziepuke kabisa, kwa sababu humchorea mtoto macho na meno yasiyo yake.

Hifadhi faili ya TIFF (aina isiyopoteza ubora wa picha) ambayo haijakatwa wala kurekebishwa, ufanyie kazi nakala. Skani na mgongo wa picha, mara nyingi tarehe iko huko. Ukitaka kuongeza jina, tumia penseli laini, karibu na ukingo, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu; kalamu ya wino huacha mfereji unaotokeza upande wa pili, mara nyingi usoni.