Kabla hujasema "chotara", ng'oa mguu

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipata mistari miwili ya PCR (kipimo kinachozidisha kipande cha DNA hadi kionekane kama mstari kwenye jeli) kwa mbu mmoja wa malaria, mmoja wa urefu wa besi, yaani herufi za DNA, 390 na mwingine 315, nikaita watu waje kuona. Wa 390 ni wa spishi Anopheles gambiae, wa 315 ni wa Anopheles arabiensis. Chotara huyo! Mama mmoja aliyenitangulia kazini akaitazama jeli, akaniuliza: "Mwanangu, ulisaga mbu mzima?"

Nilisaga mzima. Na jike akishapandwa hutunza mbegu za dume tumboni. Dume akiwa wa spishi ile nyingine, unachosoma ni mke na mume, wala si mtoto wao.

Ukitaka chotara wa kweli, tega mahali zinapoishi spishi zote mbili. Bonde la Kilombero, tangu vyandarua vyenye dawa vienee, arabiensis wamebaki karibu peke yao, utachoka bure. Mbu waue kwa baridi, wakaushe kwenye vichupa vya silika jeli (punje zinazonyonya unyevu), kila mmoja na chake. Hadubini haitakusaidia kuwatenganisha, wamefanana mno. Ng'oa mguu mmoja kwa kibano, maana mguuni hakuna mbegu za dume, na kibano kifute vizuri kila unapohamia mbu mwingine, maana kipande cha mguu kilichonasa nacho huzaa chotara wa uongo. Kichupa kimoja kisiwe na mbu kabisa. Kikitoa mstari, DNA ya mbu imevuja, kazi ya siku nzima tupa. Ukiona mistari miwili, rudia kwa mguu mwingine ndipo uamini.

Chagua majike. Kipande cha DNA kinachotoa mistari hii kiko kwenye kromosomu X, na dume ana X moja tu, ya mama yake, kwa hiyo dume chotara husomeka kama mbu wa kawaida. Tena yeye ni tasa. Dada yake huzaa, na ni kwa tumbo lake vinasaba huvuka.

Chotara wa moja kwa moja, yaani mama spishi moja na baba nyingine, ni wachache, kwa kawaida hata 1% hawafiki, na wengi wakiwakosa hufunga daftari. Wanakosea. Jike chotara akizaa na gambiae, na binti zake vivyo hivyo, baada ya vizazi vichache utasoma 390 tupu, kumbe kromosomu ya 2 ina kipande cha arabiensis. Genomu (DNA yote ya mbu) zilizochapishwa 2015 zilionyesha hilo: X zimetengana, kromosomu nyingine zimechanganyika sana.

Basi mwili uliobaki usiutupe. Uweke kwenye friza na namba yake, siku ukipata fedha za kusoma genomu nzima utautafuta. Namba andika kwa penseli. Wino spiriti huufuta.