Kabla hujawasha sola yako nyumbani, angalia haya kwanza

Volti ziendane. Inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya volti 12 ukiifunga kwenye betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24 umeiua. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Waya uwe mnene, maana inveta ya wati 1000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80, waya wa taa utayeyuka. Kwenye kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, ukifunga anza na betri ndio ufuate paneli, ukifungua anza na paneli, kwasababu paneli inayoitwa ya 12 ikiwa juani bila mzigo inafika volti 21 au 22, na kontrola isiyo na betri inaweza kuharibika.

Sasa hapa tulia. Pima chanya na hasi kwa mita, rangi ya waya usiiamini hata kidogo. Mimi kwenye betri niliona nyekundu na nyeusi, kwenye inveta nyekundu na nyeusi, nikajua niko sawa, kumbe fundi aliyenitangulia waya ulimwishia njiani akaungia kipande ndani ya tranki (ile mifereji ya plastiki inayofunika waya) na rangi zikapishana humo humo. Nati ya kwanza nikakaza, waya wa pili ulipogusa tu, pwaa! cheche, moshi, harufu kali nyumba nzima na swichi sikuwa nimebonyeza. Watu wengi wanadhani swichi ikiwa ofu inveta iko salama, sio kweli, zile waya nene zinaenda moja kwa moja kwenye mosfeti (swichi za kielektroniki) na kapasita (vikopo vinavyotunza umeme) ndani ya inveta. Mosfeti ina daiodi ndani yake, kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ukigeuza betri daiodi inapitisha umeme wote bila kizuizi, na kapasita ikigeuzwa inajaa gesi mpaka inapasuka kichwani pale penye alama ya msalaba. Inveta ya laki tatu na nusu, sekunde moja.

Kwahiyo weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, ncha nyekundu kwenye waya unaodhani ni chanya, ukiona alama ya kutoa mbele ya namba umegeuza. Pimia pale pale unapotaka kufunga inveta, sio kwenye betri.

Na vua pete na saa ya chuma, spana izungushie tepu, betri ya maji usiifungie kabatini inatoa gesi inayowaka, watoto wasogee mbali, na kama giza limeshaingia na umechoka acha utafunga kesho asubuhi, usiku mmoja wa kibatari hauui mtu.