Jinsi ya Kujitolea katika Kituo cha Kuokoa Mbwa wa Mitaani

Ukitaka kujitolea katika kituo kinachookoa mbwa wa mitaani, amua kwanza siku ambayo utaweza kufika kila wiki bila kukosa, hata iwe ni saa mbili tu za Jumamosi asubuhi, kwa sababu kazi za kulisha, kusafisha na kutoa dawa hugawanywa kwa kuhesabu watu wanaotegemewa. Aliye Nairobi anaweza kuulizia KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoanzishwa mwaka 1910 ambalo makao yake yako Karen; kwingineko, muulize daktari wa mifugo wa eneo lako, kwani mara nyingi ndiye anayewatibu mbwa hao na kuwafahamu wanaowahifadhi.

Kabla hujagusa mbwa yeyote, nenda hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili za kujikinga, ya pili ikitolewa siku 7 baada ya ya kwanza. Ukiumwa, au ukilambwa penye mchubuko, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, usipake mafuta wala dawa ya kienyeji, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, maana hata aliyechanjwa huhitaji dozi za ziada. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia kwamba kidonda ni kidogo.

Vaa gambuti, glavu na nguo ambazo utazifua peke yake. Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi pwani na kwao mbwa ni najisi, wanaweza kuombwa kusaidia katika usajili, udereva au ununuzi wa chakula, na wanaopenda kushika mbwa wenyewe huweka nguo za kazi kando na kujitoharisha kama sheria inavyoelekeza. Kituo kizuri hakitakulazimisha.

Kazi inayookoa maisha zaidi ni usafi, na hufanywa kwa mpangilio. Anza na mabanda ya watoto wa mbwa wenye afya, uende kwa wakubwa, na umalizie kwa wagonjwa na wageni walioletwa karibuni, bila kurudi nyuma ukiwa na buti zile zile. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika, hukaa ardhini kwa miezi mingi na haviuawi na spiriti. Zoa kinyesi chote, suuza mkojo kwa maji mengi ili usichanganyike na jiki na kutoa hewa inayochoma macho na kifua, sugua kwa sabuni, kisha mwaga jiki, kipimo 1 kwa maji 30, uiache kwa dakika 10 kabla ya kusuuza tena. Ukimwaga jiki juu ya uchafu, umepoteza jiki.

Mbwa aliyepigwa mawe mtaani hukaa pembeni mwa banda, mkia umebanwa tumboni, akilamba midomo na kugeuza uso huku weupe wa macho ukionekana. Usimwinamie wala usimkazie macho. Kaa chini ubavu ukimwelekea, karibu na mlango, umrushie kipande cha nyama bila kumwita, na uondoke akiwa bado anatamani kingine. Rudia hivyo kila unapofika, hadi aje mwenyewe kunusa mkono. Akinguruma, simama pole pole na utoke, lakini usimkemee, kwa kuwa mbwa aliyefundishwa kutonguruma huuma bila kuonya.

Baadaye unaweza kutumwa kukagua nyumba ya mtu anayeomba kuchukua mbwa. Tazama kama uzio hauna matundu, kama kuna kivuli na maji, na uulize ni nani atakayemlisha familia ikisafiri kwenda kijijini. Mtu anayetaka mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali usiku, mkatalie kwa heshima na umwandikie mkuu wa kituo sababu. Anayekubaliwa apewe kadi ya chanjo, na akumbushwe kwamba mbwa akiwa hajafungwa uzazi kwa sababu ya umri mdogo, atarudishwa kituoni kwa upasuaji huo tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.