Kuchagua foki mbadala ya bei nafuu kwa baiskeli kongwe ya kwendea kazini

Baiskeli za mtindo wa zamani zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito (zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya), yaani zile Phoenix, Hero, Avon na Raleigh ambazo bado zinawapeleka watu wengi kazini, sokoni na shambani kila asubuhi, zina fremu zinazoweza kudumu miaka mingi kuliko vifaa vilivyofungwa juu yake. Foki, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, ni miongoni mwa vifaa vinavyotangulia kuchoka, kwa sababu ndiyo inayopokea kila shimo la barabarani na ndiyo inayoumia kwanza baiskeli inapogonga kitu. Inapopinda au kupasuka hakuna haja ya kuitupa baiskeli nzima. Hata hivyo, foki haipaswi kununuliwa kwa kukadiria kwa macho, kwani foki mbili zinazofanana kabisa zikiwa zimening'inia dukani zinaweza kutofautiana kwa milimita chache tu, na milimita hizo ndizo zinazoamua kama itaingia au haitaingia.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, ichunguze fremu. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayokutana na bomba la kichwa, yaani lile bomba fupi la mbele linalopitiwa na foki. Ukihisi mkunjo au uvimbe, au ukiona rangi imejikunja na kupasuka mahali hapo, basi ajali iliyoipinda foki imeiumiza fremu pia, na foki mpya haitarudisha usalama. Kuhusu kuinyoosha foki ya zamani, naona ni sahihi kurekebisha kidogo ncha zinazoshika ekseli, lakini foki ya chuma iliyopinda karibu na bega (pale miguu miwili inapoungana), au yenye ufa kwenye shingo (bomba la juu linaloingia kwenye bomba la kichwa), isinyooshwe wala isichomelewe. Mahali hapo pakikatika, mwendeshaji huanguka kifudifudi bila kupata nafasi ya kujikinga.

Kazi kubwa ya uchaguzi iko kwenye shingo ya foki, na ni hapo ninapowasihi wasomaji wasifanye haraka. Ing'oe foki ya zamani, uisafishe grisi, kisha upime mambo manne. La kwanza ni unene wa nje wa shingo. Katika baiskeli nyingi za aina hii ni inchi 1, yaani milimita 25.4, na shina la usukani linaloingia ndani yake lina unene wa milimita 22.2. Foki nyingi za baiskeli za milimani zina shingo ya milimita 28.6, ambayo haitaingia hata kidogo katika vikombe vya beringi vya baiskeli kongwe.

La pili ni urefu wa shingo, kuanzia juu ya bega hadi mwisho wa hesi, yaani mikato ya skrubu inayoshika nati. Foki mpya inapaswa kulingana na ya zamani, au kuizidi kwa milimita chache ambazo zitajazwa na wosha chini ya nati ya juu. Ikiwa ni fupi, iache dukani hata kama bei yake inavutia. Mimi mwenyewe niliwahi kununua foki iliyopungua milimita 8, kwa kuamini maneno ya muuzaji kwamba nati itashika tu. Nati ilishika hesi mbili, ikalegea katika wiki ya kwanza, na nikalazimika kununua foki nyingine. Ikiwa ni ndefu kupita kiasi, inaweza kukatwa kwa msumeno wa chuma, mradi hesi iteremke chini vya kutosha ili koni ya juu, yaani kipande cha beringi kinachozungushwa kwenye hesi, iweze kukazwa hadi mahali pake. Fundi makini huifunga nati kwenye shingo kabla ya kukata, kisha huifungua baada ya kukata, ili nati yenyewe isafishe mwanzo wa hesi. Angalia pia kabari ya shina la usukani, yaani kipande kinacholibana shina ndani ya shingo, itakaa wapi: inapaswa kubana chini ya sehemu yenye hesi, kwa sababu pale hesi ilipochongwa ukuta wa bomba ni mwembamba, na kabari inaweza kuuvimbisha au kuupasua.

La tatu ni hesi yenyewe. Kipimo cha kawaida ni hesi 24 katika kila inchi, lakini Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zilitumia hesi 26. Weka rula kwenye shingo na uhesabu katika nusu inchi: ukipata 12 ni aina ya kwanza, ukipata 13 ni ya pili. Njia iliyo rahisi zaidi ni kwenda dukani na nati ya zamani mfukoni. Ikizunguka kwa vidole mpaka chini, hesi zinalingana. Ikikwama baada ya mizunguko miwili, usiruhusu mtu yeyote ailazimishe kwa spana.

La nne husahaulika mara nyingi, nalo ni kitako kinachokaa juu ya bega na kubeba gololi za chini. Mahali kinapobanwa kwenye foki nyingi zenye shingo ya inchi 1 pana unene wa milimita 26.4, lakini kwenye foki nyingi za baiskeli za mitumba kutoka Japani pana milimita 27.0. Kitako cha milimita 27.0 kikiwekwa kwenye foki ya 26.4 hucheza, na beringi huharibika upesi.

Baada ya shingo, fikiria gurudumu na breki kwa pamoja. Usiamini neno "inchi 28" peke yake, bali soma namba ya kipenyo cha rimu kwa milimita iliyo ubavuni mwa tairi: 635 ndiyo gurudumu la baiskeli hizi za zamani, 622 ni la baiskeli nyingi za kisasa za barabarani, 590 hupatikana kwenye baiskeli nyingi za Kijapani za mjini, na 559 ni la baiskeli za milimani za inchi 26. Foki ya 590 ni fupi kwa gurudumu la 635, na tairi litasugua bega. Kwa upande wa breki, nashauri breki za fito zibaki. Rimu zake hubanwa kutoka upande wa ndani na mbavu zake ni za mviringo, hivyo breki za waya zinazobana ubavuni hazishiki vizuri. Hakikisha tu kwamba vishikio vinavyoongoza ncha za breki vinaweza kuhamishiwa kwenye miguu ya foki mpya.

Foki yenye springi isikutamanishe. Zile za bei ya chini ni nzito na ni ndefu, na kila milimita 20 zinazoongezeka mbele hulaza pembe ya usukani kwa takribani digrii moja, hata baiskeli ikawa nzito kukata kona. Nafasi kati ya ncha za foki mpya kwa kawaida ni milimita 100, ilhali baadhi ya baiskeli kongwe za Kiingereza zina takribani 90. Pengo hilo lijazwe kwa wosha kwenye ekseli, pande zote mbili sawasawa.

Ukinunua foki iliyotumika, itazame kutoka mbele na kutoka ubavuni uone kama miguu yote miwili iko sambamba, kisha kwangua rangi kidogo penye kutu uone kama kutu imekula chuma au imegusa juu tu. Katika hesabu ya fedha weka pia gololi mpya na grisi, na vikombe vipya ikiwa vya zamani vina vishimo. Fundi akimaliza, usukani ugeuke kwa wepesi bila kucheza. Zungusha gurudumu uone kama linapita katikati ya miguu, jaribu breki kwa mwendo wa taratibu mahali pasipo na magari, na baada ya siku chache za kuendesha rudi kwa fundi aikaze nati ya juu.