Satini kwenye fanicha za mninga: somo kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Mteja akisema hataki meza inayong'aa kama kioo, lakini hataki pia iliyofubaa, anataka satini. Si lazima ununue vanishi ya bei mbaya. Kazi iko kwenye msasa na kijiti cha kukorogea.

1. Anza na msasa namba 80 kama randa imeacha alama, kisha 120, 180, malizia 240. Usiruke namba, na fuata nyuzi za mbao. Futa vumbi.

2. Paka sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) mkono mmoja, yaani tabaka moja. Ikikauka, pitisha 320 kwa mkono mwepesi.

3. Vanishi ya glosi, ile inayong'aa, mikono miwili, na 320 katikati. Ndiyo, glosi! Satini ina unga laini unaoua mng'ao. Ukiirundika mikono mitatu minne, wekundu wa mninga unafifia, na hapo heri ungetumia mbao ya bei rahisi.

4. Sasa satini, mkono mmoja wa mwisho. Ule unga hutuama chini ya kopo. Koroga taratibu kwa kijiti bapa ukikwangua chini, na rudia kukoroga kila unapochota. Usitikise kopo, utapata mapovu. Fundi akilalamika kwamba mlango mmoja wa kabati unang'aa na mwingine haung'ai, mara nyingi hakukoroga. Vuta brashi kwa mistari mirefu, usirudie palipoanza kukauka.

Uvungu wa meza nao upakwe, la sivyo unyevu unaingia upande mmoja na bapa linapinda.

Wanaopulizia kwa kompresa wachunge masika, huku kwetu Desemba hadi Aprili. Tina (kiyeyushi cha vanishi) ikiruka haraka, uso wa mbao hupoa, unyevu wa hewa hutua juu yake na kazi inatoka nyeupe. Pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, na siku ya mvua acha kabisa.

MASWALI

Masasi: Shikamoo fundi. Kitanda nimeshakipaka glosi, mteja kageuka anataka satini. Nikikwangue?

Marahaba. Usikwangue. Kiache kikauke vizuri, wiki mbili hivi, kisha sugua kwa pamba ya chuma namba 0000 yenye nta, ukifuata nyuzi.

Nachingwea: Kaka, stuli ya mpingo inanata, siku ya tatu leo.

Ni mafuta ya mpingo wenyewe, yanazuia vanishi kukauka. Ondoa yote kwa tina, anza upya na shelaki, vanishi ya utomvu wa wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti. Ningekuwa mimi nisingepaka vanishi: msasa mpaka 600, halafu nta.

Mikindani: Je, mafuta ya kitani badala ya vanishi?

Yanafaa, ila yanachelewa kukauka na kinga yake kwa maji ni ndogo, kwa hiyo si ya meza ya chakula. Matambara uliyofutia yatandaze nje yakauke. Ukiyarundika kwenye kona ya karakana yanapata joto na kuwaka yenyewe.