Jinsi ya kujaribu kifaa cha taya unapocheza gofu: mwongozo kutoka Tabora

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno hapa Tabora, na jioni nyingi za kiangazi nachukua fimbo zangu kwenda kupiga gofu. Kwa muda mrefu sikuona uhusiano wowote kati ya kazi yangu na mchezo wangu, hadi nilipoanza kurudi nyumbani na maumivu mbele ya masikio, na nilipojitazama kwenye kioo cha kliniki nikakuta gego langu la chini upande wa kulia limesagika kuliko la kushoto. Nilikuwa nauma meno kila ninapopiga mpira. Ukitaka kujua kama nawe unafanya hivyo, weka vidole viwili chini kidogo ya shavu, karibu na kona ya taya, uume meno: utahisi msuli wa kutafunia ukivimba kama yai. Kisha mwombe mwenzako akutazame mahali hapo hapo wakati unapopiga kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali.

Kifaa ninachokizungumzia si ile kinga nene wanayovaa mabondia kwenye meno ya juu ili yasivunjike. Hiki ni chembamba, aghalabu huvaliwa kwenye meno ya chini, huacha meno ya mbele wazi au karibu wazi, na huweka tabaka la plastiki kati ya magego ya juu na ya chini ili yasisagane. Wanaokiuza husema kwamba taya likitulia, shingo na mabega hulegea na mpira huenda mbali zaidi. Dai hilo lina mpinzani wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik, alionyesha kwamba mtu akikaza misuli ya sehemu nyingine ya mwili, kwa mfano akinasa vidole vya mikono yake na kuvivuta, goti lake hushtuka kwa nguvu zaidi linapogongwa, na kuuma meno hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo wapo wanaosema kuuma kunasaidia nguvu, na wapo wanaosema kuacha kuuma ndiko kunakosaidia, na tafiti zilizofanywa juu ya vifaa hivi zimetoa majibu yasiyolingana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mchezaji ajipime mwenyewe, tena kwa namna isiyompa nafasi ya kujidanganya.

Hatua ya kwanza: kagua kinywa kabla ya kununua

Usinunue kifaa kama una jino linalolegea, jino lililooza ambalo halijazibwa, fizi zinazotoa damu, nyaya za kunyoosha meno au meno ya bandia ya kuvua, mpaka mtaalamu wa meno akuone. Vivyo hivyo kama taya hulia au hukwama unapopiga mwayo. Kifaa cha dukani hubadilisha jinsi mataya yanavyokutana, na kiungo ambacho tayari kina hitilafu kinaweza kuumia zaidi.

Hatua ya pili: kukifinyanga

Hapa ndipo wengi huharibu, nami niliharibu cha kwanza. Vifaa vingi vya bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki laini iitwayo EVA, ambayo hulainika ndani ya maji ya moto na kushika umbo la meno inapopoa. Nilikiweka changu ndani ya sufuria iliyokuwa bado jikoni ikitokota, nikaitwa mlangoni, na niliporudi kilikuwa kimejikunja na kunata kwenye ukuta wa sufuria. Kingine kilinifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam baada ya wiki mbili, na safari hiyo nilikaa pale pale na saa mkononi.

Chemsha maji, epua sufuria, kisha ndipo utumbukize kifaa kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, bila kuongeza hata sekunde. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo haizuii plastiki kulainika, lakini ukichelewa kutumbukiza baada ya kuepua, maji hupoa na kifaa hushika umbo nusunusu. Kitoe kwa kijiko chenye matundu, kichovye mara moja kwenye maji ya baridi ili kisikuunguze fizi, kisha kivalie mbele ya kioo. Uma polepole, kama unavyouma ndizi mbivu, kwa sababu ukiuma kwa nguvu utatoboa tabaka la katikati na kifaa kitabaki bila kazi. Fyonza mate na hewa, sukuma kwa ulimi upande wa ndani na kwa vidole juu ya mashavu upande wa nje, kisha kitumbukize kwenye maji ya baridi mpaka kigande.

Kilichofinyangwa vizuri hakianguki unapofungua mdomo na hakihitaji kuumwa ili kikae. Kama ukingo unachoma fizi, upunguze kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo.

Hatua ya tatu: kukizoea

Usikipeleke kiwanjani siku hiyo hiyo. Siku za kwanza mdomo hudhani umepewa chakula, mate hujaa, na mchezaji anayemeza mate katikati ya pigo hawezi kujua kifaa kinamsaidia au kinamsumbua. Kivae nyumbani robo saa kwa siku huku ukisoma gazeti kwa sauti, mpaka aliye chumba cha pili asitambue tofauti ya matamshi yako. Mimi nilihitaji siku tano.

Hatua ya nne: jaribio lenyewe

Hapa sitapunguza maneno, kwa maana ndicho kiini cha mwongozo huu. Ukipiga mipira 20 bila kifaa, kisha 20 na kifaa, utakuwa umelinganisha mwili wa baridi na mwili uliopashwa moto, au upepo wa saa moja na upepo wa saa mbili. Piga badala yake kwa jozi: mpira mmoja na kifaa, mmoja bila kifaa, jozi 20 kwa jumla, ukizigawa kwenye asubuhi mbili ili uchovu usiingilie. Kabla ya kila jozi rusha sarafu ya shilingi 100. Ikitokea sura ya Mwalimu Nyerere, anza na kifaa. Wakitokea swala, anza bila kifaa. Kifaa kikiwa nje ya mdomo kikae kwenye kikombe cha maji safi, kamwe kisikae mfukoni.

Tumia fimbo moja, chuma namba saba, na mipira ya aina moja. Draiva humfanya mtu ajikakamue, na makosa yake ni makubwa kiasi cha kufunika tofauti ndogo unayoitafuta. Chagua shabaha iliyo mbali. Mimi nalenga mwembe mmoja mkubwa uliosimama peke yake mwisho wa kiwanja.

Msaidizi wako asimame huko mipira inakoangukia, asiwe karibu nawe. Kijana anayenibebea fimbo husimama umbali wa mita 100 na zaidi akiwa na kamba niliyoifunga fundo kila baada ya mita tano, na daftari lenye namba 1 hadi 40. Kutoka pale hawezi kuona kama nimevaa kifaa au sijavaa, kwa hiyo hawezi kunipendelea hata akitaka. Daftari la mpangilio hubaki kwangu, na hatulinganishi mpaka mpira wa mwisho. Siku ya kwanza aliniuliza, “Dokta, niandike pale mpira uliposimama au pale ulipoangukia?” Swali hilo lilistahili kuulizwa, kwa kuwa mwezi wa nane ardhi yetu huwa ngumu kama sakafu na mpira hubiringika mbali bila mpigaji kuwa na sifa yoyote. Andika mahali ulipoangukia. Vumbi linaloruka na alama inayobaki humwonyesha. Aandike pia hatua ngapi umekwenda kulia au kushoto ya mstari wa shabaha.

Hatua ya tano: kusoma daftari

Katika kila jozi, tazama mpira upi ulikwenda mbali zaidi, uhesabu ushindi. Kama kifaa hakina athari yoyote, matokeo yatakuwa kama kurusha sarafu mara 20, na uwezekano wa upande mmoja kutokea mara 15 au zaidi ni takribani 2 kwa 100. Kwa hiyo kifaa kikishinda jozi 15 una sababu ya kuamini kwamba kuna kitu. Kikishinda 11 au 12, bahati peke yake inatosha kuleta hesabu hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa ukaribu na mstari. Usifute jozi yoyote kwa kuwa “ulipiga vibaya”.

Kwangu kifaa kilishinda jozi 11 kwa umbali na 12 kwa ukaribu. Nguvu hakikuniongezea, na sitamwambia mgonjwa wangu yeyote kwamba kitamwongezea. Lakini jioni za siku zile sikuumwa taya, na tangu wakati huo sijaamka na ule uzito mbele ya sikio. Nakivaa kwa ajili ya gego langu, na kwa kazi hiyo naona thamani ya fedha niliyotoa.

Mambo ya kuzingatia baadaye

Kabla ya mashindano, ionyeshe kamati kifaa chako. Kanuni ya 4.3 ya gofu ndiyo inayohusu vifaa anavyotumia mchezaji, na ni heri uulize kabla ya shimo la kwanza kuliko kusubiri kuulizwa kwenye la tisa.

Kioshe kwa maji ya baridi na sabuni laini kila unapokivua, ukisugue kwa mswaki wa peke yake, na ukihifadhi kikiwa kikavu kwenye kikasha chenye matundu. Usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto la Oktoba hapa Tabora linaweza kukirudisha kwenye hali ile ya sufuria. Kila mwezi kiinue dhidi ya mwanga wa dirisha: ukiona mwanga unapenya mahali magego yanapokutana, tabaka limekwisha, na ni wakati wa kufinyanga kingine.