Kufufua Land Rover ya Zamani na Kuiuza kwa Faida

Anayetaka kununua Land Rover ya zamani, kuifufua na kuiuza kwa faida, anapaswa kujua kwamba hesabu yake huamuliwa na vitu viwili ambavyo wanunuzi wengi hawavitazami kwa makini: chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, na kadi ya gari. Injini hufunguliwa ikafungwa upya, rangi hupigwa, viti hushonwa, lakini chesisi iliyooza hula faida yote, na gari lisilo na karatasi halali haliuziki kwa bei ya maana hata liking'aa namna gani.

Ninazungumzia zile Land Rover ziitwazo Series, yaani Series II iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958, Series IIA ya kuanzia 1961 hadi 1971, na Series III iliyofuata hadi 1985, zikiwa fupi za inchi 88 au ndefu za inchi 109. Hizi ndizo zilizowabeba mabwana shamba, mapadri, madaktari wa wilaya na askari wa wanyamapori katika Tanzania nzima, na nyingi zimelala hadi leo nyuma ya maghala na chini ya miembe. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Katika Series II na IIA saa za dashibodi, yaani vipimo vya mwendo na mafuta, zimekaa katikati ya gari, ilhali katika Series III zimehamia mbele ya dereva na wavu wa mbele ni wa plastiki. Muuzaji akikuambia kuwa gari ni la mwaka 1965 na saa zimekaa mbele ya dereva, ama amekosea mwaka ama gari limeunganishwa kutokana na magari mawili, na katika hali zote mbili bei inapaswa kushuka.

Mahali gari lilipoishi pana uzito kuliko kilomita lilizotembea. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo watu husema kwamba haishiki kutu, na kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Pale aluminiamu inapogusana na chuma, hasa kukiwa na unyevu wenye chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe unaoinua rangi. Kwa sababu hiyo ningependa zaidi gari lililokaa miaka thelathini Dodoma au Singida, hata kama limechakaa, kuliko gari zuri lililoishi Tanga au Bagamoyo.

Sasa lala chini ya gari, tena juu ya turubai, ukiwa na tochi, nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Chesisi ya Land Rover ni ya chuma chenye umbo la boksi, na kutu yake huanzia ndani, mahali ambapo matope na maji yamekaa, kwa hiyo uso wa nje unaweza kuonekana mzima wakati ndani umebaki unene wa karatasi. Gonga kila baada ya upana wa kiganja kimoja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa; hapo bonyeza kwa bisibisi uone kama inapenya. Anza na boriti ya nyuma kabisa ambayo huvutia tela, kisha mikono inayotoka kando ya chesisi kushikilia bodi, kisha sehemu zinapofungwa springi. Baada ya hapo ingia ndani, inua mikeka na upekue ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukuta huu si wa aluminiamu, na huoza kwenye sakafu ya miguu na kwenye nguzo za bawaba za milango. Kuurekebisha kunahitaji fundi mzuri na siku nyingi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu liliwahi kuniumiza. Gari langu la pili nililinunua likiwa limepakwa lami nyeusi chini yote, nami nikaiona lami ile kama dalili ya mwenye gari anayejali mali yake. Nilifungua injini, nikanunua pistoni na ringi, nikapiga rangi, ndipo fundi alipopandisha jeki na jeki ikazama ndani ya chesisi. Chini ya lami kulikuwa na viraka vya bati vilivyochomelewa juu ya kutu. Tangu siku ile, nikikuta lami mbichi chini ya gari la zamani huomba ruhusa ya kuikwangua kabla ya kutaja bei, na nikikataliwa huondoka.

Kuhusu karatasi, linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ambayo katika magari haya ya usukani wa kulia hutafutwa kwenye ncha ya mbele ya chesisi upande wa kulia, karibu na springi inapofungwa. Huenda ukalazimika kusafisha matope na rangi ya miaka mingi kabla ya kuisoma. Linganisha pia namba ya injini, kwa kuwa injini nyingi zimebadilishwa. Gari lililolala muda mrefu linaweza kuwa bado na namba za mfumo wa zamani, hivyo hakikisha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba linatambulika na halina deni kabla hujatoa hata shilingi moja. Ikiwa mwenye kadi amefariki, usikubali kuuziwa na mtoto wake au mjane wake kwa maneno matupu. Anayeweza kuuza kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi iambatane na mkataba utakaosainiwa mbele ya wakili.

Bei ya juu kabisa ya kununulia hupatikana kwa kuanzia mwisho. Tuseme gari likikamilika litauzwa shilingi milioni 35, na mafundi na spea vitagharimu milioni 14. Ongeza asilimia 30 ya gharama hiyo kwa ajili ya yasiyotarajiwa, yaani milioni 4.2, na weka faida unayoitaka, tuseme milioni 7. Kinachobaki ni milioni 9.8, na hapo ndipo kikomo chako kilipo, hata kama muuzaji ni mzee wa heshima na gari limeupendeza moyo wako. Mimi hukiandika kiasi hicho kwenye karatasi kabla sijaondoka nyumbani.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, amua unamtengenezea nani. Mkusanyaji wa magari ya kale anataka injini yake ya awali ya sentimita za ujazo 2,286, taa na saa zake halisi, na rangi ya kiwandani, mathalani kijani kizito chenye paa na ringi za magurudumu za rangi ya chokaa. Mwenye kambi ya watalii anataka gari lenye sura hiyo hiyo lakini liwake kila asubuhi, na huenda akafurahia injini ya dizeli ya Toyota iliyofungwa vizuri, kitu ambacho mkusanyaji atakiona kama dosari. Wapo pia wanunuzi wa nje: Marekani huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyofikisha umri wa miaka 25 bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, lakini Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo usimhesabu jirani kama soko la urahisi. Gari linalojaribu kuwaridhisha wote hao hukaa uani mwaka mzima.

Kazi yenyewe ifuate mpangilio huu: chesisi na ule ukuta wa chuma kwanza, kisha breki, gia boksi na difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu), kisha injini, wayaringi, na bodi iwe ya mwisho. Gia boksi ipimwe barabarani kabla ya kushushwa. Teremka mlima mdogo ukiwa na gia ya pili, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, na gia ikiruka yenyewe ujue kuna matengenezo ndani. Kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi, mwonye fundi umeme kwamba ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa maana akiigeuza kwa mazoea anaweza kuunguza vifaa.

Rangi ndiyo inayowashinda mafundi wengi waliozoea bati la chuma. Aluminiamu haishiki rangi ya kawaida, hivyo inahitaji praima yake maalumu, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, na isisuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma kwa kuwa chembe za chuma hubaki ndani na kuanza kuila. Puti nene ifutwe kabisa katika fikra za fundi, kwa sababu bodi hii hutikisika na puti hupasuka. Paneli nyingi zimefungwa kwa nati. Ni afadhali kuzifungua, kuzinyoosha mezani, na wakati wa kuzirudisha kuweka mpira au grisi kati yake na chuma.

Tangu siku ya kwanza piga picha za kila hatua, hasa chesisi ikiwa tupu, na uhifadhi risiti zote katika faili moja. Mnunuzi makini hulipa zaidi kwa faili hilo kuliko kwa rangi inayong'aa, maana linamwonyesha kilicho chini ya rangi. Mtajie pia kasoro zilizobaki, mwache aendeshe, na fedha ziingie benki kabla funguo hazijatoka mkononi mwako. Kisha nendeni pamoja mkakamilishe uhamisho wa umiliki, kwa kuwa gari likiondoka na kadi yenye jina lako, faini na madeni yake yataendelea kukutafuta wewe.